Tuombe tutozwe? Tozo ya divai Uganda, mnasemaje

#1 Mama_Nanasi
Habari zenu wote. Natengeneza divai ya nanasi huku Kayunga, huu ni mwaka wa saba. Jumapili iliyopita tulikaa watengenezaji tisa, na mmoja akaleta hoja iliyoninyima usingizi: tuiombe serikali itutoze. Mmesoma sawasawa. Itutoze shilingi kidogo kwa kila lita, ila hela isiende hazina kuu. Ikae kwenye mfuko wa divai, ilipie maabara, mafunzo na kutafuta soko. Anasema Afrika Kusini na Australia wanafanya hivyo miaka nenda rudi.

Wenzangu walicheka mpaka machozi. Tuna ushuru wa bidhaa, tuna VAT, tuna stempu, tuna leseni, tuna alama ya ubora, halafu twende kwa miguu yetu kuomba nyingine! Mimi sikucheka, na sababu ni hii. Mwezi wa pili mwaka jana nilijaza chupa mia mbili na arobaini nikaziweka stoo. Saa nane usiku nikasikia pa! Nikadhani mwizi, nikamwamsha baba watoto. Pa! tena, halafu pa-pa-pa kama mahindi kikaangoni. Divai ilikuwa haijamaliza kuchachuka, sukari iliyobaki ikaamshwa na joto. Asubuhi sakafu ilinata, unainua mguu kandambili inabaki chini. Haidromita ya kupimia sukari ninayo sasa. Wakati ule hakuna aliyekuwa amenitajia hata jina lake.

Sasa nauliza: kungekuwa na mfuko, ningekuwa na mtu wa kumpigia simu? Au ningelipa tozo na chupa zikapasuka vilevile?

#2 Bwana_Risiti
Zingepasuka vilevile, tena zikiwa zimeshabandikwa stempu.

#3 Mhasibu_Nakawa
Pole mama kwa chupa. Bwana_Risiti, umemaliza uzi kabla haujaanza.

Tutenganishe vitu viwili, la sivyo tutagombana bure. Ushuru wa bidhaa unaingia hazina, na bunge linaupangia matumizi. Barabara, mishahara, chochote. Tozo anayosema mama ni ya kazi maalumu, na wanaoilipa ndio wanaokaa mezani kuigawa. Hivyo si kitu kimoja.

Pili, serikali tayari inatubeba kidogo kwa upande wa ushuru. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2014 inaitenga divai iliyotengenezwa kwa malighafi ya hapa nchini: ni asilimia 20, au kiwango fulani kwa lita, kinachozidi ndicho unacholipa. Ya malighafi ya nje inapigwa mara kadhaa ya hapo. Mkumbuke na bia. Mwaka 2002 Nile Breweries walitoa Eagle ya mtama wa Epuripur, wakakatiwa ushuru kwa kuwa mtama ni wetu, na wakulima wadogo wakapata mnunuzi. Pale hapakuwa na tozo wala mfuko. Kwa maoni yangu njia ndiyo hiyo: punguza ushuru, ondoka mlangoni.

#4 Mbidde_Safi
Mhasibu, nyuma ya hiyo bia kulikuwa na kampuni kubwa yenye mawakili wa kwenda kukaa wizarani hadi wasikilizwe. Sisi tisa wa chini ya mti tutaenda na nini, jerikeni?

#5 Mzee_Kambi
Salaam. Mimi mstaafu wa jeshi, Kiswahili changu cha kambini mnivumilie. Serikali na pombe ya mwananchi hawajawahi kukaa chungu kimoja. Wakati wa Amin ndiyo walileta ile sheria ya enguli, pombe kali yetu ya kienyeji, ukipika bila leseni unakamatwa. Mama yangu mkubwa kule Bombo alikuwa anafukia mtungi ndani ya shamba la muhogo, juu anapanda mche mmoja. Askari wakija wanapita juu ya enguli, wanasifu muhogo. Nyinyi leo mnataka kwenda kuwaonyesha shimo liko wapi?

#6 Kijiwe_cha_Ntinda
Shikamoo mzee. Hadithi tamu, ila si Amin. Sheria ya Enguli ni ya 1965, serikali ya Obote. Amin amechukua nchi 1971. Mpango ulikuwa kwamba anayepika awe na leseni, na enguli yake aiuze kiwandani, huko isafishwe upya na kutiwa chupani. Ndipo tukapata Uganda Waragi. Kwa hiyo jambo la serikali kusimamia kinywaji ili kukuza kiwanda cha taifa si geni hapa. Lilifanyika, kiwanda kikakua. Mpishi ndiye aliyebaki shimoni.

#7 Mzee_Kambi
Marahaba. 1965 basi. Shimo lilikuwa lilelile.

#8 Kabale_Baridi
Msicheke sana. Huku kwetu Kabale mwaka 2010 walikufa makumi ya watu kwa waragi yenye methanoli. Mtaa mmoja unazika asubuhi na jioni. Mimi nataka serikali iwe mlangoni, iwe jikoni, iwe hata chini ya kitanda. Anayesema "ondoka mlangoni" hajazika. Viroba vilipigwa marufuku 2019, na bado hapo ilichukua miaka ya kubembelezana.

#9 Dada_Maabara
Pole sana Kabale. Ila wasomaji wasije wakaogopa divai ya Mama_Nanasi. Tunda likichachuka linatoa methanoli kidogo mno, haiui mtu. Zile za vifo huwa ni methanoli ya viwandani ambayo mtu mwenye tamaa amechanganya kwenye pombe kali ili apate nyingi kwa bei chee. Divai haipitii mtambo wa kukeneka. Tatizo la divai zetu ni jingine: chupa ya mwezi huu haifanani na ya mwezi ujao. Moja kali, moja siki, moja inaruka kizibo (samahani mama).

#10 Nimesoma_Cape
Nimekaa Stellenbosch, Afrika Kusini, miaka minne, niseme ninachokijua. Kule tozo haianzishwi na serikali. Wakulima na wenye viwanda ndio wanaoiomba, Waziri wa Kilimo anaidhinisha chini ya sheria ya masoko ya mazao ya 1996, na ina mwisho wake. Muda ukiisha wanarudi upya kuonyesha kwamba walipaji wengi bado wanaitaka. Inahesabiwa kwa senti, kwa lita au kwa tani ya zabibu. Hela inakwenda kwenye utafiti, takwimu, kutangaza divai nchi za nje, na kuwaingiza watu weusi kwenye biashara ambayo walifungiwa nje muda mrefu. Australia nako mkulima analipa kwa tani, halafu kwenye utafiti serikali inaongeza ya kwake.

Nilichokipenda ni takwimu. Mtu anakuambia mizabibu ya aina fulani ina umri gani na iko hekta ngapi wilaya gani. Hapa kwetu hakuna anayejua tuna watengenezaji wangapi wa divai. Unatoza nani?

#11 Bwana_Risiti
Si kule kule ambako KWV, ule ushirika wao wa divai, ndiyo inaamua nani apande na bei iwe ngapi? Huo ni ukiritimba uliovaa suti.

#12 Nimesoma_Cape
Ilikuwa, ndugu. KWV ilianza 1918 kama ushirika, ikapewa meno na serikali, na tangu 1957 ikawa inagawa hata viwango vya mavuno. Viwango hivyo viliondolewa 1992, na 1997 ikageuzwa kampuni ya kawaida. Tozo za leo zilikuja baada ya hapo, kwa sababu mtu mwingine alipaswa kulipia utafiti. Lakini suti nakubali, wanavaa.

#13 Jirani_wa_Dodoma
Wakuu, mimi Mtanzania naishi Kabalagala. Kwetu jambo hili ni jepesi. Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, divai ya ndani hailipiwi ushuru kabisa, na watu wanakunywa. Mnajitesa na mifuko ya nini?

#14 Mhasibu_Nakawa
Jirani, karibu, ila "kabisa" ifute. Inalipiwa. Divai yenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 iliwekewa shilingi 200 za Tanzania kwa lita, na ile ya zabibu za nje ikawa inalipa zaidi ya mara kumi ya hapo. Ni kidogo, lakini ipo. Na inaunga mkono hoja yangu, si ya mama.

#15 Jirani_wa_Dodoma
Sawa, mia mbili. Kwa mia mbili huko kwenu hupati hata chapati.

#16 Kahawa_Masaka
Naona mnazunguka Cape Town na Dodoma wakati jibu liko nyuma ya nyumba. Uganda tumeshawahi kuwa na tozo ya namna hii, kwenye kahawa: asilimia 1 ya thamani ya kahawa inayouzwa nje, ikiendesha UCDA, mamlaka ya kuendeleza kahawa iliyoanzishwa 1991. Baba yangu alikuwa na ekari tatu za robusta. Ugonjwa wa mnyauko ulioonekana 1993 ukazimaliza, mti unakauka kuanzia majani kama umemwagiwa maji ya moto, unaung'oa unakuta kuni. Tulikaa miaka tunapanda mahindi mahali pa kahawa. Halafu ikaja miche ya KR inayostahimili, iliyotokana na watafiti wa Kituza. Leo shamba limerudi, na nchi ilishavuka magunia milioni 6 kwa mwaka. Sisemi asilimia 1 ndiyo iliyofanya yote. Nasema hatukuwahi kuilalamikia, kwa sababu wala hatukuiona. Ilikatwa kule kwa msafirishaji.

#17 Bwana_Risiti
Ilikatwa kwa msafirishaji, msafirishaji akaikata kwako kwenye bei. Usiniambie hukuilipa.

Na iko wapi hiyo UCDA? 2024 waheshimiwa wamepigana ngumi bungeni, mwisho ikaingizwa wizarani. Unajenga chombo miaka thelathini, kinamezwa kwa wiki chache. Mfuko wa divai utamezwa kwa kikao kimoja, na chupa za kikao zitatoka kwa Mama_Nanasi bila malipo.

#18 Kahawa_Masaka
Kwenye bei sawa, nilichangia. Kumezwa nako sina ubishi. Lakini miche haikumezwa, iko shambani.

#19 Dada_Maabara
Kahawa_Masaka amegusa mahali penyewe. Tozo nyingi za divai duniani zilianza kwa woga wa ugonjwa. Australia Kusini waliona filoksera, mdudu anayekula mizizi ya mzabibu, imeingia Geelong 1877. Mwaka 1899 wakatunga sheria, wakulima wakawa wanachangia bodi ya kuuzuia. Mpaka leo jimbo lao halina mdudu huyo. Mtu alilipa kwa sababu aliona shamba la jirani linakufa.

Sisi wetu tunao: kiwotoka, mnyauko wa bakteria wa migomba. Uliripotiwa Uganda 2001, Mukono, na ulioumia zaidi ni kayinja, ndizi yenyewe ya pombe. Nyuki na wadudu wengine wanaubeba kutoka ua moja hadi jingine. Dawa haipo, ila kuna kazi ya mikono: mkungu ukishamaliza kutoa vichana, unavunja lile ua la chini kwa kijiti chenye panda, usitumie kisu kwa sababu kisu kinahamisha ugonjwa. Kazi hiyo haifai kitu ukiifanya peke yako na jirani amelala. Hapo ndipo fedha ya pamoja ina maana.

#20 Mbidde_Safi
Dada, nimevunja hayo maua mpaka shingo ikakakamaa. Jirani yangu anaishi Kampala, shamba amemwachia shangazi yake wa miaka themanini. Tozo itampandisha shangazi ngazi?

Halafu niulize swali ambalo mnalikwepa. Mimi nakamua tonto. Ndizi zinaivishwa shimoni, tunazikamua kwa nyasi za ssubi ndani ya lyato, ule mtumbwi wa mti, tunatia unga wa mtama uliokaangwa, tunafunika kwa majani ya mgomba, kesho yake watu wako mlangoni na vibuyu. Je, hiyo ni divai? Nikiichuja nikaitia kwenye chupa yenye kizibo inakuwa divai, nikiiacha kwenye kibuyu inakuwa "pombe ya kienyeji". Juisi ni ileile. Tozo itafuata juisi au itafuata chupa? Ikifuata chupa, wenye bidii ya kutia chupani ndio mnaowaadhibu, na kibuyu kinapita bure.

#21 Kijiwe_cha_Ntinda
Hilo swali likae hapo juu kabisa.

#22 Nimesoma_Cape
Nakubali ni gumu. Na kuna gumu zaidi: kule wote wana mzabibu. Walikamua za kwanza 1659, ugonjwa ni mmoja, kipimo ni kimoja, lugha moja. Sisi mwenye nanasi hajali kiwotoka, mwenye ndizi hajali bei ya nanasi Luweero, wa asali na wa rosela kila mmoja kivyake. Mfuko wa pamoja unataka kitu cha pamoja.

#23 Chupa_Tupu
Kitu cha pamoja kipo, ni chupa! Mnaongea magonjwa na bunge, hakuna aliyetaja chupa. Mimi ni mfanyabiashara wa chupa hapa Kisenyi. Chupa mpya za divai tunazitoa Kenya, na bei yake na usafiri mara nyingi inazidi kilichomo ndani. Wengi wananunua kwangu zilizotumika za hotelini. Zinakuja za mabega mapana, za shingo ndefu, za kijani, nyeupe, mtengenezaji mmoja anapeleka sokoni rafu inayofanana na foleni ya watoto wa shule tofauti. Kizibo hakikai, lebo inapinda. Mtu wa supamaketi anaangalia tu anarudisha. Mkipata mfuko nunueni chupa kwa pamoja, kontena moja, umbo moja. Utafiti baadaye.

#24 Busia_Mpakani
Chupa ni kisingizio, na ushuru ni kisingizio. Mnywaji wetu anataka utamu. Nina duka. Mteja akionja divai kavu ya nje anakunja uso, anauliza kama imeharibika. Akionja ya nanasi yenye sukari anachukua mbili. Lakini siku ya kwanjula, sherehe ya kutambulishwa ukweni, akitaka kuwaheshimu wakwe, ananunua ile ya kukunjia uso, kwa sababu ina jina la Kifaransa. Hakuna tozo ya kumtoa mtu aibu ya kitu cha kwao.

#25 Mzee_Kambi
Na kanisani je? Si ndio wanunuzi wa kila wiki?

#26 Busia_Mpakani
Mzee, kwa Wakatoliki hapo hapapitiki. Sheria ya kanisa inataka divai ya mzabibu, ya nanasi haingii altareni hata Askofu akiipenda. Kwa hiyo soko lenye uhakika kuliko yote limefungwa na Roma, si Kampala.

#27 Mzee_Kambi
Basi Dodoma wana mia mbili zao na Baba Mtakatifu pia.

#28 Mhasibu_Nakawa
Narudi kwenye stempu, maana zimetajwa kwa mzaha. Stempu za kidijitali zilianza Novemba 2019, na divai imo pamoja na bia, soda, maji na pombe kali. Kwa kiwanda chenye mashine, ni roli inazunguka. Kwa mtu wa chupa mia mbili ni kidole na kitambaa. Nina mteja anayebandika usiku na binti yake. Chupa ikitoka kwenye maji ya baridi ina jasho, stempu inateleza, wanaipangusa, wanairudia. Hapo ndipo ningeshauri mtoe kelele: mdogo atazamwe kama mdogo. Dada_Maabara, swali: alama ya ubora nayo si inatosha kuleta ule ufanano unaousema?

#29 Dada_Maabara
Alama inaangalia kama kinywaji ni salama na kama lebo inasema kweli: kiasi cha kilevi, usafi, vihifadhi. Haikufundishi kutengeneza. Ni mtihani bila mwalimu. UIRI, taasisi ya utafiti wa viwanda pale Nakawa, wamewahi kuwalea wasindikaji wadogo, na waliopita huko unawaona tofauti. Ila nafasi ni chache na Kayunga ni mbali.

#30 Kabale_Baridi
Mtihani bila mwalimu ni afadhali kuliko kaburi. Nimesema yangu.

#31 Mbidde_Safi
Kabale, hakuna anayekupinga kwa waragi. Tunaongea divai.

#32 Kabale_Baridi
Ndivyo walivyosema na wauzaji wa waragi, kwamba mbaya ni ya mwingine.

#33 Mama_Nanasi
Asanteni, nimesoma yote mpaka la Roma. Nilivyoelewa, Mhasibu anataka ushuru ushuke, Bwana_Risiti hataki kumlisha mtu, Dada anataka tuvunje maua pamoja, Chupa_Tupu anataka kuniuzia kontena. Na mimi bado niko palepale. Nilipiga hesabu jana: tungejitoza wenyewe shilingi mia kwa lita, sisi tisa, bila serikali, kwa mwaka tungepata ya kununua haidromita kumi na kumlipa Dada_Maabara nauli na chakula cha mchana mara nne. Nimewapelekea wenzangu. Wanne wamekubali. Mmoja ameuliza daftari la hela litakaa kwa nani.

#34 Bwana_Risiti
Huyo mmoja ni ndugu yangu. Lisikae kwa yeyote mwenye harusi mwaka huu.

#35 Dada_Maabara
Nauli tu, nanasi nitakula huko huko. Mama, kabla hujajaza chupa pima siku tatu mfululizo. Namba isiposogea, jaza. Ikisogea hata kidogo, subiri. Na hao wanne wasipime kwa macho.

#36 Mzee_Kambi
Haidromita ni shilingi ngapi na inaweza kuingia kwenye enguli? Nauliza kwa ajili ya rafiki.

#37 Dada_Maabara
Ya enguli ni nyingine, mzee, na rafiki yako atafute leseni.

#38 Chupa_Tupu
Mama_Nanasi, Jumamosi napita Kayunga na mia mbili za kijani, shingo ndefu zote, nimezichagua mwenyewe. Zioshe kwa maji ya moto yenye soda ya kuoshea kwanza. Za mara iliyopita mbili zilikuwa na mende.